Siku Nane Kisiwani na Mfuko Mwepesi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimepata tiketi ya bei nafuu kwenda kisiwa kimoja cha kitropiki. Nitakaa siku nane, na nitafika siku nne kabla ya mwezi mpevu; nilichagua hivyo makusudi kwa sababu nataka picha za mwezi ukichomoza baharini. Shida ni pesa. Nikishatoa ya kulala na ya kula, inayobaki inatosha safari mbili za boti, basi. Wenzangu wananicheka, wanasema kisiwani bila pesa nitaishia kukaa mchangani nahesabu mawimbi. Ni kweli? Niweke pesa wapi, niache nini? Na viatu vya majini ninunue, au ni ulaji tu?"

Marahaba. Kisiwa hukukitaja, kwa hiyo nitakujibu kwa namna itakayokufaa kokote utakakoshukia. Lakini umetaja kitu ambacho wageni wengi hata hawakifikirii wanapokata tiketi, nacho ni mwezi. Wewe uliutafuta kwa ajili ya picha. Mimi nitautumia kukupangia safari nzima, kwa sababu mwezi ndio unaoamua maji, na maji ndiyo yanayoamua utaona nini, saa ngapi, na kwa gharama gani.

Nimeongoza wageni visiwani miaka kumi na sita, matajiri na wenye mfuko kama wako. Nilichokiona ni kwamba kisiwa hutoa karibu kila kitu chake bure, ila kwa saa zake. Anayetaka kuviona vitu hivyohivyo kwa saa zake yeye ndiye anayetozwa. Mwamba unaoufikia kwa miguu asubuhi maji yakiwa yamekupwa, jioni unaufikia kwa boti. Kilele kinachoonekana alfajiri kama kimechongwa, saa 5 kimeshajifunika wingu, na aliyekodi gari kupanda huko anarudi na picha za ukungu. Mgeni wa siku mbili hana budi kulipa, maana hawezi kungoja. Wewe una siku nane.

Tuanze na upepo kabla hujalipia chumba. Katika ukanda wa tropiki upepo hauvumi ovyo. Hutoka upande mmoja kwa miezi. Mabaharia wana majina ya pande mbili za chombo: goshini, upande unaopokea upepo, na demani, upande uliokingwa. Kisiwa nacho kina goshi na demani yake. Kikiwa na mlima, upepo wenye unyevu unapanda mteremko wa goshini, unapoa, unamwaga mvua hukohuko, kisha unashuka demani ukiwa mkavu. Tofauti inaweza kuwa ya ajabu. Kisiwani Kauai, Hawaii, Mlima Waialeale hupata zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka. Nenda kilomita 25 hivi kuelekea magharibi, pwani ya Kekaha haifikishi hata 700. Ni kisiwa kilekile, na jina unaloliona kwenye tiketi ni lilelile. Mtu akikwambia alikwenda huko akanyeshewa wiki nzima, muulize alilala upande gani.

Kuna visiwa ambavyo goshi na demani hubadilishana kwa majira. Sri Lanka ni mfano mzuri: kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-magharibi huleta mvua na mawimbi pwani ya magharibi na kusini, wakati pwani ya mashariki, kule Trincomalee, bahari imetulia. Desemba hadi Februari mambo yanageuka. Wanaojua hilo hawabishani na bei. Wanahamia upande wa pili tu.

Ukitaka kujua goshi la kisiwa chako bila kumuuliza mtu, fungua picha ya setilaiti kwenye simu. Upande wa kijani kibichi wenye uzi mweupe wa povu ufukweni ndio goshini. Upande wa kahawia, bahari nyororo, ndio demani. Ukishafika, tazama miti ya pwani: yote imeinama kuelekea kulekule, kama watu wanaokimbia mvua. Visiwa vya chini vya matumbawe, visivyo na mlima, havigawani mvua kwa namna hiyo, lakini mawimbi vinayagawa vilevile.

Ushauri wangu ni ulale demani, au katika mji wenye stendi kuu ya mabasi, mtaa wa pili au wa tatu kutoka baharini. Chumba kinachotazama maji unakilipia usiku kucha na umefumba macho. Tena usihamehame. Kila kuhama kunakula nusu siku na nauli ya mizigo. Kituo kimoja kinatosha kwa siku nane, viwili kama kisiwa ni kikubwa.

Sasa maji. Hapa nitakaa, maana ndipo pesa yako ilipojificha.

Katika visiwa vingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Kila siku mzunguko huo unachelewa kwa dakika 50 hivi. Maji yakikupwa leo saa 3 asubuhi, kesho ni karibu saa 4 kasoro dakika kumi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye bamvua linakuwa limekomaa: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku, mwezi unavuta kule, na bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Hayo ndiyo maji mafu.

Hesabu basi siku zako. Ukifika siku nne kabla ya mpevu, maji mafu yatakuwa yamepita punde. Siku zako mbili tatu za mwanzo mikondo ni dhaifu na mchanga haujachafuka sana, kwa hiyo hizo ndizo siku za kuogelea juu ya matumbawe, na kama utalipia boti, ilipie hapo. Kuanzia siku ya tano hadi unaondoka ni bamvua, siku za miguu. Watu wengi hufanya kinyume. Wanasubiri siku za mwisho kupanda boti, wanakutana na mkondo unaowavuta kama kamba, na mwongozaji anawaambia bahari leo si nzuri. Bahari ni nzuri, isipokuwa siku zimekosewa.

Jambo jingine ambalo vitabu vya wageni havilisemi: katika sehemu moja, maji ya bamvua hukupwa saa zilezile mwezi baada ya mwezi. Pwani ya Unguja, kwa mfano, bamvua hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa mnamo saa 10. Ndiyo maana wanaotafuta pweza kule hawahitaji jedwali. Wakiuona mwezi wanaijua saa. Kisiwa chako kinaweza kuwa na saa zake nyingine. Muulize mvuvi mmoja siku ya kwanza, "Bamvua hapa linakupwa saa ngapi?", umemaliza kazi ya wiki nzima.

Lakini usidhani kila bahari inatembea. Tahiti ina tabia yake ya pekee: maji hujaa karibu na adhuhuri na karibu na usiku wa manane kila siku, na tofauti ya kujaa na kupwa ni kama sentimita 30 tu. Visiwa vingi vya Karibi navyo maji yake hayasogei sana, na Hawaii haifiki hata mita 1. Fungua jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe. Ukikuta tofauti ni chini ya nusu mita, habari ya kutembea mwambani iache na ogelea saa upendayo. Ukikuta mita 3 au 4, umepata bustani ya bure yenye ukubwa wa mji, inayofunguliwa kwa saa tatu hivi kwa siku.

Unaitembelea hivi. Toka saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi nyuma. Kanyaga mchanga na mwamba uliokufa. Tumbawe hai usilikanyage, ni mnyama huyo, na atakukata ngozi kidonda kisipone upesi. Usikimbilie ukingo wa mwamba. Chagua kidimbwi kimoja chenye upana wa mkeka, chutama, nyamaza dakika tano. Mwanzoni huoni kitu. Kisha kipande cha mchanga kinasogea, kumbe ni samaki bapa. Gamba tupu la konokono linaanza kutembea, kumbe ndani yake mna kaa mdogo aliyelihamia. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kimejibandika ubavuni mwa jiwe, na kando yake jongoo bahari anameza mchanga upande mmoja na kuutoa upande wa pili. Ukiona tundu lenye makombe matupu na vijiwe vilivyopangwa mlangoni, mwenye nyumba yuko ndani: pweza hutupa mabaki ya chakula nje na kuziba mlango kwa mawe. Mtazame macho. Ukiinua jiwe, lirudishe kama lilivyokuwa, kwa maana walio chini yake wanauawa na jua.

Na maji yakishakupwa kabisa, rudi. Usingoje yaonekane yanakuja. Hili nililipia mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa na wageni wawili kwenye mwamba ulio mbali na pwani, maji yalipokupwa tukaendelea kupiga picha, na saa moja na nusu baadaye nikawageuza, bahari naiona bado iko kulee. Kosa langu lilikuwa kudhani maji hurudi kwa mwendo mmoja. Ligawe jaa lote mafungu 12: saa ya kwanza linakuja fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Penye tofauti ya mita 4, saa ya tatu peke yake bahari inapanda mita nzima. Tena hayaji kutoka mbele unakotazama. Yanaanza kuingia kwenye mfereji ulio nyuma yako, kati ya mwamba na pwani, ule uliouvuka asubuhi maji yakiwa chini ya goti. Tulifika mchangani begi la kamera liko kichwani mwangu. Mgeni mmoja alikuwa anacheka. Mwingine hakunisemesha hadi jioni, na sikumlaumu.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Rangi ile ya maji unayoiona kwenye matangazo hutokea jua likiwa juu, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, nalo likiwa mgongoni mwako. Asubuhi sana na jioni bahari inageuka kioo, inakurudishia mbingu tu. Chini ya maji ni hivyohivyo. Kwa hiyo mchana, wakati wengine wamelala, ndio wakati wako wa kuzamia na miwani. Vaa fulana ya mikono mirefu. Inazuia jua la mgongoni kuliko mafuta yoyote, na haiishi siku ya tatu. Mafuta yenyewe yana mambo yake: Hawaii, tangu tarehe 1 Januari 2021, imepiga marufuku kuuza yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu ya matumbawe.

Picha yako ya mwezi sasa. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu na saa jua linapozama magharibi. Wengi hungoja siku yenyewe, na wanapata duara jeupe kwenye giza, bahari haionekani. Nenda jioni moja kabla. Siku hiyo mwezi huchomoza mapema zaidi, mara nyingi kama dakika 50 kabla ya ule wa kesho, jua halijazama, na pwani bado ina rangi. Kisha kesho yake tafuta rasi nyembamba, mahali ambapo ukigeuza shingo unaona bahari pande zote mbili, utazame jua likiondoka huku na mwezi ukiingia kule. Hakuna boti ya machweo inayokupa hiyo, nayo inauzwa ghali kisiwani kote. Ila kumbuka kwamba karibu na ikweta hakuna jioni ndefu. Jua likizama, una dakika ishirini na kitu za kuona njia. Uwe umeshajua utarudije.

Kurudi ndiko kunakowagharimu wenye pesa kidogo. Watu huhesabu nauli ya kwenda, jioni wanakuta basi la mwisho limeondoka saa 11 na teksi ni moja tu, na dereva wake anajua kuwa ni moja tu. Saa ya basi la mwisho muulize dereva mwenyewe unaposhuka, wala usitegemee karatasi iliyobandikwa ukutani. Na kuna mbinu niliyoitumia miaka mingi: asubuhi panda basi hadi mwisho wa njia, kisha rudi kwa miguu kandokando ya pwani kuelekea mjini. Kadiri unavyotembea, ndivyo mabasi yanavyozidi kuwa mengi. Ukichoka, unapunga mkono. Anayefanya kinyume anachokea mahali pasipopita gari.

Usidharau basi kwa kudhani ni usafiri tu. Barbados basi la umma lina nauli moja, uende kituo cha pili au uvuke kisiwa chote, kwa hiyo ziara ya kisiwa ina bei ya tiketi moja. Reli ya pwani ya Sri Lanka kutoka Colombo kwenda Galle na Matara inapita karibu na maji kiasi kwamba mawimbi yanaonekana chini ya dirisha; ukitoka Colombo kaa upande wa kulia. Réunion ina mabasi yanayozunguka pwani yote, na mengine yanayopanda hadi Cilaos kwa barabara inayosifika kuwa na kona 400. Kwa nauli hiyo, dereva anakata kona ambazo wewe kwenye pikipiki ungezifumbia macho.

Pikipiki najua utashawishika nayo, bei yake kwa siku inavutia. Sikukatazi, nakupa sharti moja: kama leseni yako haisemi pikipiki, na huna ile ya kimataifa pale inapodaiwa, bima yako ya safari mara nyingi haitalipa hata senti ukianguka. Mguu uliovunjika kisiwani unahitaji ndege. Ukikodi hata hivyo, piga picha kila mchubuko mbele ya mwenyewe kabla ya kuwasha. Mimi niliwahi kulipishwa mkwaruzo uliokuwa na kutu tayari.

Milimani ni bure kuliko pwani, na wageni wa visiwa wanapasahau. Kitu kizuri kuliko vyote kisiwani Réunion, kwa maoni yangu, ni bonde la Mafate, shimo kubwa lililozungukwa na kuta za milima, lenye vijiji ndani yake na bila barabara ya gari hata moja. Wenyeji wanaingia kwa miguu, mizigo yao mizito inaletwa na helikopta. Milima na mabonde hayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2010, na mlango wake ni njia ya miguu. Tajiri anaweza kulipia helikopta akalitazama kwa juu, lakini akitaka kupita kijiji hadi kijiji na kuongea na watu, atatembea kwa miguu kama mimi.

Sharti la mlima wa kitropiki ni kuanza gizani. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda na kuwa wingu, na kufikia katikati ya asubuhi kileleni hakuna kitu. Anza saa 11 alfajiri, uwe juu saa 2, saa 6 uko chini unaoga baharini. Na penye maporomoko ya maji, utazame mto. Mvua inaweza kuwa inanyesha goshini, juu usikokuona, huku wewe umesimama juani. Maji yakianza kuwa ya udongo, au majani na vijiti vikipita vingi ghafla, toka mtoni wakati huohuo, na begi lililo ng'ambo ya pili liache.

Turudi kwenye zile pesa za boti mbili. Mimi ningenunua boti moja, mwongozaji wa nusu siku, na miwani ya kuzamia.

Miwani kwanza, kwa sababu ukiikodi kila siku, siku nane zitakuwa zimenunua mbili. Ijaribu kabla ya kulipa: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikining'inia yenyewe, inakufaa. Ikianguka, maji yataingia hata ukaze vipi. Ukungu wa kioo unaondolewa kwa mate. Paka ndani, suuza kidogo, vaa.

Boti usiinunue mezani kwa mtu mwenye picha. Nenda wanakoshukia wavuvi, jioni ya siku ya kwanza, uulize bei ya chombo kizima, siyo ya kichwa. Mafuta ya injini hayajali mko wawili au wanane. Ukishaijua hiyo bei, tafuta wenzio katika nyumba unayolala. Wapo, nao wanawaza kama wewe. Tazama chombo chenyewe kabla ya kukubali: majaketi ya kuokolea yapo mangapi, kuna makasia injini ikizima, maji sakafuni yamefika wapi. Na mtoke asubuhi mapema. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo kutoka baharini unaongezeka, na njia iliyokuwa laini saa 2 inakuwa ya kurukaruka saa 8.

Mwongozaji mlipie mwambani au msituni, mara moja, siku za mwanzo. Kwenye mnara wa kale unaweza kusoma bango. Ndani ya mikoko huoni kitu mpaka mwenye kujua akuonyeshe, na ukishaonyeshwa mara moja, siku zinazobaki unajionea mwenyewe.

Uache nini? Ziara ya "kisiwa kizima kwa siku moja", ambayo ni gari lenye madirisha. Boti ya kukimbiza pomboo. Wakifukuzwa na vyombo sita wanazama, unapiga picha maji. Na mnyama yeyote anayeshikwa ili upige naye picha.

Usikubali pia kuambiwa ufuko fulani ni wa hoteli kabla hujaijua sheria ya mahali. Hawaii fukwe ni za umma hadi pale mawimbi makubwa yanapofika, na Barbados fukwe zote ni za umma. Viti na miavuli ni vyao, mchanga si wao. Kuna visiwa ambavyo sheria haiko hivyo, basi uliza ofisi ya utalii, siyo mlinzi wa geti. Nikipita mbele ya hoteli mimi hutembea penye mchanga ulioloa, nawasalimia walinzi kwa sauti, na sijawahi kurudishwa.

Kama bei ya tiketi yako ilishuka kwa sababu ni msimu wa vimbunga, angalia latitudo ya kisiwa. Ndani ya nyuzi 5 za ikweta vimbunga ni nadra mno, kwa sababu mzunguko wa dunia hapo hauna nguvu ya kuuzungusha upepo. Mahé ya Shelisheli imo humo. Upande wa Karibi msimu rasmi ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, lakini Trinidad, Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini mno, hazipigwi mara kwa mara. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ukiwa Mauritius au Réunion, sikiliza taarifa ya hali ya hewa kila jioni na uweke akiba ya usiku mmoja au mbili, kwa maana ndege zinaweza zisiruke.

Ukitaka nikupangie, siku ya kwanza lala, uulize bamvua na boti. Ya pili na ya tatu boti na kuzamia. Ya nne jioni ndiyo jioni yako ya picha ya mwezi, ya tano jioni ni rasi. Alfajiri moja kati ya hizo uwe mlimani. Ya tano hadi ya saba mwambani kila maji yanapokupwa, na basi la kwenda mwisho wa njia saa zinazobaki. Ya nane usipange kitu.

Viatu nunua, lakini si vile vya kitambaa laini vinavyouzwa karibu na fukwe. Soli yake ni nyembamba. Miiba ya wale viumbe weusi wanaojaa kwenye mashimo ya mwamba inapenya, na kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe ambaye mwiba wake una sumu kali. Raba kuukuu zenye soli nene zinafaa zaidi, na pengine unazo tayari chini ya kitanda. Zifunge kamba mara mbili. Kwenye matope yaliyo chini ya majani bahari, kiatu kisichofungwa kinabaki hukohuko na wewe unaendelea na soksi.